Mwaka Nilipaka Chuma juu ya Chuma

Mu hii habari mujinga ni minye. Naanza na kuisema mapema, mbele muntu mwengine aiseme, juu huku Likasi kama ulifanya bujinga asubui, magaribi bantu banakuelezea weye mwenyewe bujinga yako, na banaiongeza bipande. Bengi banajua tu sehemu ya ndimu. Kuko bale bananiitaka Citron mpaka leo, na minye naitika, juu kukatala jina ya vile njo kuikaza.

Juma yenye ilipita, mama moja aliingia mu atelier yetu ya kupaka rangi na kasaki ka plastiki. Mu kasaki kulikuwa kitambaa, mu kitambaa kulikuwa gazeti, na mu gazeti kulikuwa muntu. Muntu wa plomb, chuma ya risasi, hapiti urefu ya mukono yangu toka kifundo mpaka ku ncha ya vidole. Chevalier, askari wa zamani ya Bulaya, anasimama na casque ku kichwa, cuirasse, koti ya chuma, ku kifua, na mupanga yenye ilivunjika katikati. Mama akasema: "Minye ni binti ya Papa Donatien. Miguu haimubebe tena muzuri, njo alinituma. Analomba mumurudishie uyu mupanga yake." Nilimugeuza chevalier kichwa chini, niliangaria mu kwapa ya kushoto, na niliikuta pale pale: kadoa ka rangi ya majani, kadogo sawa mbegu ya tomati. Nilicheka mpaka ule mama aliniuliza kama niko muzima. Nilimujibu niko muzima sana, ni mukutano tu ya bantu benye hawakuonana siku mingi.

Ule mwaka nilikuwa na miaka makumi mbili na moja. Masomo niliachia ku mwaka ya sita ya primaire. Nilijua kusoma, nilijua kuandika, na nilijua kuchekesha bantu, na ile ya tatu njo ilikuwa inanilisha zaidi. Mujomba wangu alikuwa anatumika ku carrière kule Kakontwe, ku majiwe, na alishanisemea fasi kwa bakubwa bake. Fasi ilikuwa inaningoja mpaka mwisho ya mwaka. Kila dimanche alikuwa anaikamata mikono yangu na kuigeuza-geuza sawa muntu anachagua samaki ku soko: "Ona hii mikono. Mungu aliitengeneza ya kubeba jiwe." Minye sikukuwa na kitu mubaya na jiwe. Ila nilishaona mujomba namna anakaa kitini magaribi, na namna anaomba muntu amusaidie kusimama, na nilisema mu roho yangu: hapana, nitafute kintu yenye iko mwepesi kubeba. Pinceau, burashi ya kupaka, iko mwepesi. Akili yangu yote ya ile wakati ilikuwa ya urefu ile.

Yaya Solange alikuwa na atelier mu salon ya nyumba yake. Alikuwa mwanamuke wa miaka makumi ine na kitu, mufupi, kitambaa ku kichwa, na vidole byenye habikutetemeka hata siku moja. Alikuwa anapaka enseigne za maduka, misalaba ya makaburi, na batakatifu ba parokia benye pua ilikatika. Ukiingia, unasalimiwa kwanza na harufu ya essence na ya maharagi, juu mbabula ilikuwa inakaa palepale ku mulango na chungu juu yake. Ku ukuta kulikuwa rafu tatu: ya juu batakatifu bazima, ya katikati bagonjwa, ya chini benye hatukujua tena ni nani. Siku ya kwanza nilimuonyesha ule wa chini kabisa na nilisema: "Yaya, uyu mwenye hana kichwa na mikono, mungemupeleka ku serikali, angepata kazi." Alicheka. Kisha alipanguza macho na aliniambia maneno yenye nabeba mpaka leo: "Kuchekesha unaweza. Nitakukamata mpaka Noël. Kama mpaka Noël haujafanya kazi hata moja yenye unaweza kusimama pembeni yake bila kuweka mchezo, unaenda kwa mujomba wako ku Kakontwe, na hatugombane."

Njo masharti. Kazi moja, na kunyamaza pembeni yake. Bantu banafikiri ile ya pili njo ilikuwa mwepesi.

Miezi ya kwanza nilipaka misalaba. Tulikuwa tunaipaka na ile peinture ya argent, rangi ya feza, ile yenye bantu banapakaka ku portail, na niliipenda juu haiulize maswali: unachovya, unapaka, inang'aa. Saa sita tulikuwa tunakula bukari na majani ya lenga-lenga, tunakaa ku ngazi, na upande ya pili ya mupaka Mama Charlotte, jirani, alikuwa anauzisha makala na kusikiliza kila neno yetu. "Solange," alikuwa anaita juu ya ukuta, "ule Trésor wako anatumika ao anahubiri? Toka asubui sijasikia kintu ila kinywa yake." Na Yaya Solange anajibu na bukari mu shavu: "Kinywa inatumika, mama. Mikono njo iko mu congé."

Ilikuwa mwanzo ya kipwa, miezi ya bila mvula, wakati vumbi nyekundu inaanza kuingia mpaka mu chumvi, njo Papa Donatien alikuja na chevalier wake. Alitumika maisha yake yote ku fonderie, kumwanga chuma ya moto mu muchanga, na kisha ya pension alijifanyizia fonderie yake ya nyumbani: batri za zamani za motokari, chungu ya kuyeyusha plomb, na muchanga yenye alichunga mwenyewe. Picha alitosha mu kitabu ya zamani ya histoire, page moja ilipasuka, na ile page alikuja nayo mu mufuko ya shati. Alimuweka ule muntu mudogo pa meza yetu na mikono mibili, sawa unaweka mutoto mwenye analala. "Maisha yangu yote," alisema, "nilimwanga bintu yenye sikuona tena. Inatoka mu muchanga, inapanda mu wagon, inaenda. Bingine ilikuwa mikubwa kupita hii mulango. Uyu njo wa kwanza mwenye atabakia na minye. Nataka cuirasse yake ionekane chuma."

Minye sikuweza kuvumilia. "Papa, lakini iko chuma tayari. Tutapaka chuma juu ya chuma?"

"Muangarie vizuri," alisema. "Uyu anaonekana chuma? Anaonekana sabuni."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa wa chuma mpaka mu roho, lakini ulikuwa unamuona sawa kipande ya sabuni ya kufulia. Yaya Solange alimupeleka ku dirisha, alimuzungusha polepole, alisema: "Ni juu ya udogo yake. Muntu mukubwa akivaa chuma, jua inapata fasi ya kucheza. Uyu ni mudogo, lakini jua haikupunguka kumufwata. Njo tunapaswa kumupakia jua yake, ya kipimo yake." Papa Donatien alimuangaria muda murefu. Halafu akaondosha kofia. Minye sijaona mwanaume wa ile miaka anaondosha kofia mbele ya mwanamuke wa pinceau, na nilisikia ku roho kintu yenye haikukuwa mchezo.

Akishaenda, Yaya Solange alinipa kuyere. Kijiko ya chuma ya kulia maharagi, ile ya siku yote. "Enda pa kiwanja, uangarie, urudi uniambie iko rangi gani." Nilienda, nilirudi. "Argent." "Rudia." Nilirudia. "Blanc kidogo, na argent." "Rudia, Trésor." Mara ya tatu nilikasirika, nilikaa chini mu vumbi, niliweka kuyere pa magoti, na nilisema sitaondoka mpaka hii kuyere ipasuke. Njo niliona. Juu ilikuwa bluu, bluu ya mbingu ya kipwa. Katikati kulikuwa mustari mweusi, fasi ukuta ya Mama Charlotte inakutana na mbingu. Na chini, kwenye tumbo ya kuyere, ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kiwanja yetu, na mu ile nyekundu kulikuwa kamuntu kadogo kanakaa chini na kinywa wazi: minye. Argent haikukuwa hata kiloko. Nilirudi ndani na sauti ya chini: "Yaya, kuyere haina rangi yake." "Chuma yote iko vile," alisema. "Inalombaka rangi kwa majirani."

Casque alipaka yeye. Natamani ningejua kuandika muzuri zaidi, juu ile kintu inastahili muandishi, haistahili minye. Peinture ya argent haikugusa. Alikuwa na nyeusi, blanc, bluu kidogo, na ocre ya udongo, basi. Alikamata pinceau yenye alibakisha nywele ine ao tano, aliegemeza kiwiko pa meza, alivuta pumzi na aliifunga. Mustari ya blanc, mwembamba sawa uzi ya buibui, juu ya ukingo ya casque. Aliachia pumzi. Alivuta tena. Pembeni ya blanc aliweka nyeusi kabisa, bila kuichanganya, na palepale, mbele ya macho yangu, sabuni iligeuka chuma. Nilinyoosha kidole kuigusa na alinipiga ku mukono bila kuondoa macho ku kazi. Siku mingi nilifikiri kuna dawa alitia mu rangi. Leo niko na miaka makumi tatu, nimeshapaka bintu mingi, na bado sielewi vizuri namna alijua fasi ya kuachia.

"Casque ni yangu," aliniambia. "Cuirasse ni yako."

Nilijaribu kwanza ku bipande bya mbao. Miezi tatu. Nilikuwa naweka blanc, naweka nyeusi, na inatoka mistari tu. Mama Charlotte alikuwa anakuja kuangaria na anashika kiuno: "Hii ni zebre?" Namujibu: "Ni soldat, mama, ila alikula zebre." Bantu banacheka, nacheka, na mbao moja tena inaenda mu mbabula. Nilipika maharagi na kazi yangu ile kipwa nzima.

Mvula ya kwanza ilikuta Yaya Solange anaenda juma moja kule Kapolowe, kupaka chapelle. Aliniachia chevalier. "Usiharakishe. Anza na nyeusi. Nikirudi tutaangaria." Siku ya kwanza nilikaa mbele yake na pinceau mpaka rangi ilikauka ku nywele. Siku ya pili vile vile. Ya tatu, nilikuwa nasikiliza bacreuseurs bawili, bachimbaji ba shaba, benye balisimama ku ukuta ya Mama Charlotte, banatoka Kakanda, banabishana juu ya saki ya nani iko na shaba ya kweli, na akili ikaniingia. Ao ikanitoka, utachagua. Nilisema: tuko Likasi. Hii mji inasimama juu ya shaba. Bantu banatoka mbali kuitafuta. Na minye nakaa hapa kupaka bongo, uongo ya chuma, na nywele ine?

Nilikamata kipande ya waya ya courant, niliichubua, niliikwangua na lime, tupa ya fundi, siku nzima mpaka nilipata unga ya shaba, kiasi ya kuyere mbili. Ilikuwa inafifia kidogo, njo nilifanya yenye kila muntu wa huku anafanyaka kama anataka shaba yake ing'ae mbele ya kuiuzisha: ndimu mbili na chumvi. Iliwaka. Sikuisafisha na maji, juu niliogopa kung'aa itaenda na maji. Niliichanganya na colle, gundi ya mbao, na nilimupaka chevalier kifua yote, mbele na nyuma, na mu kwapa.

Nisiseme bongo: ilikuwa muzuri. Alikuwa anawaka sawa harusi. Nilimutosha inje, niliita avenue yote. Mama Charlotte alifanya alama ya musalaba. Na minye, juu nilikuwa minye, nilitembea mpaka kwa mujomba ile magaribi na nilimuambia: "Ile fasi ya Kakontwe, muipe muntu mwengine. Minye nimeshakuwa peintre." Aliniuliza mara mbili kama najua yenye nasema. Mara mbili nilimujibu ndiyo. Kesho yake ile fasi alipewa mutoto ya rafiki yake.

Kesho kutwa mvula ilinyesha mchana yote. Ile ingine siku nilifungua mulango ya atelier na chevalier alikuwa verte, rangi ya majani. Si kidogo. Verte sawa lenga-lenga yenye ilichemka, na katikati bidoa bya bluu, na chini ya shingo kulichirizika kamaji kadogo. Casque ya Yaya Solange juu, ya ajabu, na chini yake muntu mwenye aliota uchafu ya chungu. Nilijaribu kumupangusa, verte ikaenea mu kitambaa na ikabakia ku yeye. Nilikaa chini. Kakontwe hakuna tena. Hapa, hakuna tena. Na ilikuwa bujinga ya muntu wa Likasi kabisa: muntu wa fasi ingine angepata wapi shaba ya kuharibu?

Yaya Solange alirudi samedi na saki yake bado ku kichwa. Aliiona toka ku mulango. Aliweka saki chini, alimukamata chevalier, hakumuangaria: alimunusa.

"Ndimu?"

"Ndimu, Yaya."

"Na chumvi."

"Na chumvi."

"Ulibakisha pilipili tu." Hakucheka kuisema. Alifunga chevalier mu kitambaa, aliniwekea mu mikono. "Papa Donatien anaishi nyuma ya parokia. Enda umuonyeshe. Weye, si minye."

Nilitembea na ile kitambaa sawa nabeba yai. Njiani nilitayarisha michezo tatu ya kuanzia. Nilimukuta Papa Donatien pa meza, na bukari, na samaki wa kukauka, na alisema "kaa ukule" mbele nifungue kinywa. Nilifungua kitambaa. Michezo yote tatu ilinikimbia. Alinawa mikono, alipanguza moja moja vidole, alimukamata chevalier na kumusogeza karibu na jicho.

"Hii ni shaba ya kweli," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Miaka makumi tatu nilipigana na hii verte. Ku mikono, ku mashati, ku kikombe ya chai. Bibi yangu, roho yake ipumzike, alikuwa anaisugua mu makola ya mashati kila samedi." Nilikuwa nangoja kofi, ao maneno. "Utaitosha, iondoke?"

"Nitaitosha."

"Basi nitangoja. Kula, samaki inapoa."

Nilikula. Nimekula bilio mingi mu maisha, lakini ile bukari nakumbuka kila tonge.

Kuitosha kulikamata juma tatu, na kamuti kadogo ya mbao niliikata ncha, juu chuma ingemukwangua. Mu kwapa ya kushoto kamuti kalikatala kufika. Nilimuonyesha Yaya Solange. "Acha ile," alisema. "Itakuwa inakuangaria."

Kisha nilianza na nyeusi. Mara hii sikuanza na mbao. Nilikuwa natoka pa kiwanja na kuyere asubui, saa sita, na magaribi, na naandika mu kichwa rangi ya kila saa. Nilichagua ya saa kumi, wakati kiwanja iko nyekundu zaidi. Bluu ya kufifia ku mabega. Mustari mweusi pa kati, ukuta ya Mama Charlotte. Chini, ku tumbo, ocre na kidogo ya rouge, kidogo sana, inapotea polepole. Blanc ya mwisho, uzi ya buibui, nilifunga pumzi mpaka masikio ilivuma. Siku ya pili ya ile kazi Mama Charlotte alikuja mpaka ku mulango, bila kuitwa, na alisema na uwoga: "Solange, mutoto iko mugonjwa? Toka jana sijamusikia." Yaya Solange alimujibu: "Wacha. Anatumika."

Papa Donatien alikuja juma ya Noël, na shati ya kunyoosha. Yaya Solange alitoka kando, alienda ku bidoo ya essence na alianza kunawisha mapinceau yake, mugongo kwetu. Minye nilisimama pembeni ya meza. Papa alimupeleka chevalier mpaka ku mulango, mu mwangaza, alimugeuza kushoto, kuume. Halafu alitosha mouchoir, aliitia mate ku ncha, na alipangusa tumbo ya cuirasse. Aliangaria mouchoir. Alipangusa tena.

"Hii vumbi haitoke," alisema.

"Haiko vumbi, Papa. Ni rangi."

"Ulimupaka vumbi?"

"Nilimupaka kiwanja yetu. Chuma inaonyeshaka yenye iko chini yake."

Nilikuwa na mchezo tayari, muzuri, juu ya chevalier mwenye alikosa maji ya kunawa. Ilifika mpaka ku meno. Niliimeza, na nilibakia nasimama. Papa Donatien alitosha page ya kitabu mu mufuko, aliiweka pembeni ya ule muntu wake, aliangaria hii, aliangaria ile, na aliirudisha page mu mufuko.

"Basi uyu alipita Likasi," alisema. Alimufunga mu kitambaa na alienda, polepole, anamubeba na mikono mibili.

Nilibakia nangoja. Kule Kakontwe kulikuwa muntu mwengine ku fasi yangu, na hapa masharti yalifika mwisho. Yaya Solange alinawisha pinceau ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya nywele ine aliinyoosha na midomo, aliisimamisha mu kikombe, na bila kugeuka aliniambia:

"Lundi ukuye mapema ku kazi. Na ndimu, ubakishe kwenu."